Chai ya Asubuhi Brighton: Waingereza na Safari ya Talaka

Kabla ya 1857, mwanamume wa England aliyetaka kumwacha mkewe na kuoa tena ilibidi Bunge limtungie sheria yake peke yake. Matajiri tu ndio waliomudu, na wanawake waliofanikiwa kwa njia hiyo wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka huo kesi zikahamishiwa mahakamani, lakini kwa upendeleo wa wazi: mume alitakiwa kuthibitisha uzinzi tu, mke athibitishe uzinzi na kosa jingine juu yake, mathalani ukatili. Upendeleo huo ulidumu hadi 1923.

Kwa kuwa uzinzi ndio uliokuwa mlango pekee, watu waliuigiza. Wanandoa waliochokana walikubaliana mume abebe lawama. Alikodi chumba cha hoteli, mara nyingi Brighton, mji wa pwani, akamlipa mwanamke asiyemjua wakeshe pamoja, pengine wakicheza karata. Asubuhi mhudumu akiingia na chai aliwakuta kitandani, akawaangalia vizuri, maana angeweza kuitwa mahakamani kuwatambua. Jaji akigundua kuwa ni mpango, talaka hakuna. Yaani waliokubaliana kuachana kwa amani ndio walionyimwa ruhusa! Mwandishi A. P. Herbert aliikejeli michezo hiyo katika riwaya yake ya 1934, *Holy Deadlock*, kisha akaingia Bungeni. Mwaka 1937 muswada wake ukawa sheria. Ukatili na kutelekezwa kwa miaka mitatu vikawa sababu za kutosha.

Januari 1971 mlango ulifunguka zaidi: waliotengana miaka miwili wakaweza kuachana kwa ridhaa. Kufikia 1993 talaka za England na Wales zilipita 165,000 kwa mwaka.

Lakini walioumia zaidi na aibu ya enzi hizo, kwa maoni yangu, si wanandoa bali ni mabinti waliopata mimba bila kuolewa. Walifichwa katika nyumba za kujifungulia, nyingi zikiwa za makanisa, na wiki chache baadaye watoto wao walikabidhiwa kwa familia nyingine. Kamati ya Bunge ilikadiria mwaka 2022 kwamba watoto 185,000 wa wanawake wasioolewa waliasiliwa kati ya 1949 na 1976. Leo aibu hiyo haipo: mwaka 2021, asilimia 51 ya watoto waliozaliwa England na Wales walikuwa wa wazazi ambao hawajafunga ndoa.

Tangu Aprili 2022 anayetaka talaka hahitaji kumtupia mwenzake lawama, na ombi hujazwa mtandaoni. Wanaoishi pamoja bila ndoa ndio sheria imewasahau. Mmoja akifa bila wosia, aliyebaki si mrithi wake, hata wakiwa wamekaa miaka thelathini. Itambidi aende mahakamani kuomba fungu. Tanzania ni tofauti: kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinawadhania kuwa wanandoa watu waliokaa pamoja miaka miwili na kujulikana hivyo na jamii.