Mtoto ni wa Nani? Historia Fupi ya Swali Linalopita Babati Kila Siku

Kuna swali ambalo mwandishi wa habari akiishi Babati ataulizwa tu, kwenye kahawa, msibani, hata kwa simu usiku: mama akiondoka na mtoto kwenda mkoa mwingine, na hakuna karatasi yoyote ya mahakama, ameiba mtoto? Mara nyingine anayeondoka ni baba, swali linabaki lilelile. Mji wetu umekaa njia panda. Barabara moja inakwenda Arusha, nyingine Singida, nyingine Kondoa hadi Dodoma. Tangu lami ya Dodoma ilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, watu wanaweza kugombana asubuhi Babati, na jioni mmoja wao akawa anamlaza mtoto mji mwingine kabisa.

Jibu fupi ni kwamba mpaka wa mkoa haubadilishi kitu. Manyara yenyewe ilizaliwa mwaka 2002 tu, ikikatwa kutoka Arusha, na hakuna mtoto aliyebadilisha mlezi siku hiyo. Sheria ya Babati ndiyo ya Singida. Lakini jibu refu ni historia, na bila historia hiyo hutaelewa kwa nini wazazi wawili wanaweza kusimama mbele ya hakimu mmoja, kila mmoja akiamini kwa moyo wote kwamba mtoto ni wake.

Tuanze na methali, maana ugomvi huu ulikuwepo kabla ya mabunge. Kitanda hakizai haramu: mtoto ni wa mwenye ndoa, basi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: na aliyeujua uchungu kwanza ni mama. Kiswahili kinazibeba zote mbili bila kuona taabu. Sheria zetu nazo zimezibeba zote mbili, ila kwa taabu kubwa.

Miaka michache baada ya uhuru, serikali ya Tanganyika ilitaka kuondoa ule utaratibu wa kila kabila na hukumu yake. Mwaka 1963 ikatangaza Amri ya Sheria ya Mila, iliyokusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba na kuziweka kwenye vifungu vyenye namba. Humo mtoto wa ndoa ni wa upande wa baba. Hata mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, baba angeweza kumhalalisha kwa kulipa shilingi 100 kabla hajaachishwa kunyonya. Shilingi 100! Ukisoma leo unashtuka, lakini waandishi wa amri hiyo hawakujiona wakatili. Kwao mtoto alikuwa mtu wa ukoo, na ukoo ndio uliokuwa bima, shule na urithi wake. Mama aliyerudi kwao alirudi peke yake, kwa sababu kwenye hesabu ile mtoto hakuwa anahama. Alikuwa tayari kwao.

Na si nchi nzima iliyohesabu hivyo. Waluguru, Wamakonde na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana neno zito kuliko baba. Kwa hiyo mtu akikwambia "mila zetu Waafrika ni mtoto wa baba", muulize kwanza anazungumzia Waafrika wa wapi.

Kisha ukaja mwaka 1971, na Sheria ya Ndoa. Wapenzi wa riwaya tunaukumbuka mwaka huo kwa jambo lingine: ndio uliomtoa Euphrase Kezilahabi na *Rosa Mistika*, kitabu kilichomweka mezani baba mlevi wa Ukerewe na kutuuliza kama mamlaka ya baba yanatosha kuitwa malezi. Sidhani kama wabunge na Kezilahabi walishauriana, lakini walikuwa wanaugusa mfupa mmoja.

Sheria ile ilifanya jambo zito bila makelele. Ilisema mahakama inapoamua mtoto akae na nani, cha kwanza ni ustawi wa mtoto mwenyewe. Baada ya hapo ndipo yaangaliwe matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama ana umri wa kujieleza, na mila za jamii yao. Mila haikufukuzwa. Ilitolewa kwenye kiti cha mbele ikakalishwa nyuma. Sheria ikaongeza kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo. Huyo baba naye hakuachiwa aende zake: wajibu wa kumtunza mtoto ulibaki wake hata kama mtoto anakaa kwa mwingine.

Sasa njoo kwenye maneno ambayo watu wengi hawajui kama yapo, ingawa ndiyo yanayoamua kesi nyingi. Kifungu hichohicho cha miaka 7 kinamtaka hakimu akumbuke kwamba si vizuri kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha kutoka mkono huu kwenda ule. Ni maneno ya busara, na aliyeyaandika alimfikiria mtoto. Lakini yatafakari kwa jicho la mzazi aliyebaki Babati. Mwenzake ameondoka na mtoto. Yeye anasubiri hasira zishuke, wazee wakae, mahindi yavunwe. Huko Singida mtoto anaanza shule, anapata marafiki, anazoea bibi. Mwaka unapita. Siku kesi inapofika mahakamani, ule mwaka unasimama kama shahidi, na unasema: mtoto ametulia, msimguse.

Hapo ndipo penye uzito wa swali letu. Pasipo na amri ya mahakama hapabaki patupu. Muda unaingia na kuamua.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilikuja baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Iliirudia kanuni ya miaka 7, ikasisitiza mtoto asikilizwe, ndugu wasitenganishwe na malezi yasikatikekatike. Pia ilikataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mtu mwenye haki ya kisheria ya kukaa naye. Ona lakini: katazo hilo linapata meno pale inapojulikana mwenye haki hiyo ni nani. Kabla mahakama haijasema, wazazi wote wawili wanaitana wezi, na wote wawili ni wazazi.

Mpaka unaobadilisha sheria upo, ila hauko Minjingu wala Katesh. Uko baharini. Sheria ya Ndoa ya 1971 ni ya Bara tu. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011 na Mahakama za Kadhi. Mpaka mwingine uko Namanga. Hakimu wa Tanzania anaweza kuzuia mtoto asitolewe nchini, lakini akishatoka, Tanzania haimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1980 unaozibana nchi kurudishiana watoto. Marekani, ambako kila jimbo lina mahakama zake, walilazimika kuweka kipimo: kwa kawaida kesi husikilizwa jimbo ambalo mtoto ameishi miezi 6 iliyopita. Sisi hatuna majimbo, na labda ndiyo maana tunadhani hatuna tatizo.

Sitaki kumhukumu anayeondoka. Wapo wanaoondoka kwa sababu wakibaki watapigwa, na kumwambia mtu huyo asubiri karatasi ni kumwambia asubiri ngumi. Wapo pia wanaomchukua mtoto ili kumkomoa mwenzao. Kwa mbali hawa wawili wanafanana: mtu, begi, mtoto. Anayeweza kuwatofautisha ni yule anayesikiliza pande zote, na sheria imemweka: Afisa Ustawi wa Jamii anayeweza kuagizwa na mahakama kuchunguza hali ya mtoto, na hakimu anayeweza kutoa amri ikiwemo ya mzazi mwingine kumtembelea. Aliyekimbia anaweza kuomba akiwa hukohuko alikokimbilia. Aliyeachwa anaweza kuomba wiki hiyohiyo.

Tatizo ni kwamba wengi wetu bado tunaishi 1963. Tunapeleka shauri kwa wazee na kuhesabu ng'ombe, tukiamini kwamba ukoo hauna haraka. Na kweli ukoo hauna haraka. Mtoto wa miaka 4 anayo, maana mwaka mmoja kwake ni robo ya maisha yake yote.