Baiskeli ya umeme: Ni baiskeli au pikipiki?

SWALI la iwapo baiskeli inayosaidiwa na umeme ni baiskeli halisi au ni pikipiki kwa jina jingine laweza kuonekana kuwa mzaha wa vijiweni. Hata hivyo, kwa mkazi wa Kitengela anayetaka kuitumia kwenda kazini Athi River au kufikisha bidhaa Isinya na Kajiado mjini, jibu la swali hilo ndilo litakaloamua iwapo anahitaji leseni, bima na nambari ya usajili, na nani atakayelipa fidia endapo atamgonga mtu njiani.

Aina mbili

Baiskeli hizi ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ina mota ndogo inayofanya kazi pale tu mwendeshaji anapokanyaga pedali; miguu ikitulia, mota nayo hutulia. Ya pili ina mkono wa kuongeza mwendo kama wa pikipiki, na huweza kwenda bila miguu kufanya lolote.

Mtu mzima mwenye afya ya kawaida huweza kukanyaga kwa muda mrefu akitoa nguvu ya takriban wati 75 hadi 100. Mota ya wati 250 humwongezea zaidi ya maradufu. Pikipiki ya bodaboda ya cc 100 nayo hutoa wati 6,000 hivi. Kwa kipimo hicho, baiskeli ya aina ya kwanza iko karibu zaidi na baiskeli ya kawaida kuliko ilivyo na pikipiki.

Betri ya wati-saa 500 huweza kumsaidia mwendeshaji kwa kilomita 50 hivi, umbali unaokaribiana na wa kutoka Kitengela hadi mji wa Kajiado, ingawa mzigo na upepo wa nyanda za Kaputiei huupunguza.

Sheria inavyosema

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaeleza kuwa gari ni chombo chochote kinachoendeshwa kwa mitambo, isipokuwa vyombo vya reli, vile vinavyopata umeme kutoka kwa nyaya za juu, na vile ambavyo kanuni zitatangaza kuwa si magari. Maelezo hayo hayatofautishi mota ya wati 250 na injini ya lori. Yakifuatwa neno kwa neno, baiskeli ya umeme huangukia upande wa magari, na Sura ya 405 humtaka mwenye gari kuwa na bima ya kuwakinga watu wengine.

Orodha za kodi nazo hazisemi kwa sauti moja. Katika mfumo wa kimataifa wa forodha, kifungu cha 8712 ni cha baiskeli zisizo na mota, ilhali zile zilizofungwa mota ya kusaidia zimewekwa pamoja na pikipiki katika kifungu cha 8711. Lakini Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, ilipoviweka vyombo vya umeme katika kiwango cha sufuri cha VAT, ilizitaja baiskeli za umeme peke yake, mbali na pikipiki za umeme.

Mataifa mengine

Umoja wa Ulaya, kupitia Kanuni nambari 168 ya mwaka 2013, huihesabu kuwa baiskeli ikiwa mota haizidi wati 250, husimama miguu inaposimama, na hukatika kabla ya mwendo kufikia kilomita 25 kwa saa. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2002 kuhusu usalama wa bidhaa, iliruhusu mota ya chini ya wati 750 na mwendo wa chini ya maili 20 kwa saa, almuradi pedali zifanye kazi.

Michezoni, shirikisho la kimataifa la uendeshaji baiskeli, UCI, lilimfungia Femke Van den Driessche wa Ubelgiji kwa miaka sita mwaka 2016, baada ya mota kupatikana katika baiskeli yake. Miaka mitatu baadaye, shirikisho lilo hilo liliandaa mbio za ubingwa wa dunia za baiskeli za umeme za milimani. Kosa, basi, lilikuwa kuificha mota.

Hoja ya msingi

Wanaopinga husema kuwa chombo cha kilo 25 kinachokwenda kasi ukingoni mwa barabara ni hatari kwa waendao kwa miguu, na kuwa kikomo cha mwendo huweza kuondolewa na fundi. Wanaounga mkono hujibu kuwa msaada huo huwawezesha wazee na wabeba mizigo kuendelea kukanyaga.

Jina peke yake halitoshi kuamua. Neno bodaboda lenyewe lilianza kwa baiskeli za mpakani Busia katika miaka ya 1960, kisha likahamia kwa pikipiki. Kinachofaa kupimwa ni iwapo mota huisaidia miguu au huchukua nafasi yake. Sheria imeacha mlango wazi, maadamu kanuni zaweza kutangaza kuwa chombo fulani si gari bila kuibadilisha sheria yenyewe.

Kwa mnunuzi, mambo manne ya kuchunguza ni nguvu ya mota kwa wati, mwendo ambapo msaada hukatika, iwapo kuna mkono wa kuongeza mwendo, na hali ya breki. Majibu yake yaandikwe kwenye stakabadhi, kwani ajali ikitokea, mjadala wa jina utahamia mahakamani.