Mitambo ya kunyanyulia mafundi iliyotumika: gharama halisi hadi Kampala

Wakandarasi wengi jijini Kampala bado hutumia jukwaa la miti ya mikalitusi kupandisha mafundi kwenye ghorofa. Anayetaka kuachana na miti hiyo hufikiria kwanza mtambo uliotumika kutoka Japani, Uingereza au Dubai, kwa sababu mpya ni ghali mno. Hata hivyo, bei ya mnadani ni mwanzo tu wa gharama.

Aina tatu

Kuna jukwaa la mkasi, linalopanda wima. Kuna mtambo wa mkono, unaofika juu na pembeni. Aidha, kuna lori lenye mkono na ndoo, linalotumika sana kwenye nyaya za umeme na taa za barabarani.

Jukwaa dogo la mkasi linalotumia betri lina uzito wa tani moja na nusu hivi, na hufanya kazi kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Kwenye udongo wa mvua au mteremko wa Kampala halifai. Huko unahitaji mtambo wa dizeli wenye magurudumu makubwa, na ule wa kufika mita 20 una uzito wa tani 10 hivi.

Ushuru na kodi

Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mitambo mingi ya uzalishaji huwekwa kwenye asilimia 0. Lakini lori lenye mkono linaweza kuhesabiwa kuwa gari. Tukichukua mfano wa mtambo wenye thamani ya dola 20,000 ukifika Mombasa, mbali na ada nyingine:

- Ushuru asilimia 0: VAT ya asilimia 18 ni dola 3,600, na kodi ya zuio ya asilimia 6 ni dola 1,200. Jumla dola 4,800.
- Ushuru asilimia 10: ushuru ni dola 2,000, VAT dola 3,960, kodi ya zuio dola 1,200. Jumla dola 7,160.

Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT huweza kudai VAT hiyo, na kodi ya zuio huhesabiwa kwenye kodi ya mapato. Hata hivyo fedha hizo hutoka kwanza mfukoni mwako.

Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Muulize wakala wa forodha, kabla ya kulipa, lori lako litaingizwa katika kundi gani.

Njiani

Kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Chini ya utaratibu wa Eneo Moja la Forodha, ulioanza 2014, kodi hulipwa URA kabla mzigo haujatoka bandarini. Hati zikikosewa, gharama za kuhifadhi mzigo huanza kuhesabika Mombasa, si Malaba.

Msafirishaji apime urefu wa mzigo ukiwa juu ya trela. Kizimba cha jukwaa kikunjwe ikiwezekana, pini ya kuzuia mkono usizunguke iwekwe, na minyororo ifungwe kwenye ndoano za mtambo wenyewe, si juu ya kizimba. Mizani hupima kila ekseli, hivyo tani 10 zikikaa vibaya zinaweza kuleta faini hata kama uzito wa jumla uko chini ya tani 56.

Matengenezo

Jukwaa dogo la mkasi kwa kawaida lina betri nne za volti 6. Zikikaa wiki nyingi njiani bila chaji huharibika, hivyo weka bei ya seti mpya kwenye hesabu tangu mwanzo. Huongezwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, kamwe si asidi.

Vipuri vya lori la Isuzu au Mitsubishi hupatikana kwa urahisi soko la Kisekka. Kadi ya umeme, vitambuzi vya mteremko na sili za silinda huenda vikaagizwa nje, na siku za kusubiri ni hasara.

Mkono wenye ufa usichomelewe ovyo. Mafundi wa Katwe ni hodari, lakini chuma hicho ni cha aina maalumu na kinabeba watu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri ahakikishe vifaa ni salama. Kwa hiyo tenga fedha za ukaguzi, na dai daftari la ukaguzi kutoka kwa muuzaji.

Kununua au kukodi?

Tuseme mtambo umekugharimu dola 28,000 hadi kuanza kazi, na baada ya miaka 5 utauzwa dola 8,000. Umepoteza dola 4,000 kwa mwaka. Ongeza dola 2,500 za matengenezo na bima, unapata 6,500. Ukifanya kazi siku 50 kwa mwaka, kila siku inakugharimu dola 130. Ukifanya siku 130, ni dola 50.

Linganisha na bei ya kukodi jijini. Mwenye kazi chache ni afadhali akodi. Mwenye kazi za mfululizo anunue, lakini asinunue mtambo ambao hajauona ukipanda hadi juu kabisa na kushuka, ukiwa na mzigo.