Chai, Sini na Heshima ya Mgeni

Mgeni akaribishwapo chai huko Issuna, katika nchi ya Wanyaturu, hunena maneno yaliyosafiri mbali. Neno chai asili yake ni China. Likapita Uajemi na Bara Hindi hata likafika pwani yetu, kisha likapanda bara. Birika twalipata kwa Waarabu. Kikombe ni neno letu wenyewe, yaani kombe dogo.

Vyombo vya sini, ambavyo jina lao ni la China kwa kinywa cha Waarabu, vilitangulia chai kwa karne nyingi. Vipande vyake vimefukuliwa Kilwa Kisiwani na Gedi. Waungwana wa Lamu waliviweka katika vidaka vya ukutani, ambavyo wao huviita zidaka, viwe pambo na heshima ya nyumba. Huko Kunduchi mabakuli yalijengewa hata makaburini. Lakini mengi yamebanduliwa, yamebaki matundu matupu.

Basi aliyerithi kikombe cha bibi yake na akinyweshee wageni, tena awaeleze kilikotoka. Kwani chombo kikitengwa na habari zake, ni kigae tu.