Jinsi ya kupanga na kuzipa majina sauti za gitaa kwenye modela

Modela ni kifaa cha kidijitali kinachoiga sauti za amplifaya, spika na pedali mbalimbali. Mpiga gitaa hutengeneza sauti anayoitaka, huihifadhi, kisha huiita jukwaani kwa kukanyaga swichi. Sauti iliyohifadhiwa huitwa priseti.

Shida huanzia kwenye wingi. Mfano ni Helix, modela ya kuweka sakafuni iliyotolewa na kampuni ya Line 6 mwaka 2015. Ina setilisti 8, na kila moja ina nafasi 128. Jumla ni 1,024. Wimbo unapoingia kwenye sebene, hakuna muda wa kutafuta. Ukikanyaga priseti isiyo yake, gitaa la solo litafunikwa na tarumbeta wakati ambapo watu wanalisubiri.

Jina litaje kazi

Wengi huipa priseti jina la amplifaya inayoigwa. Kwenye Helix, kwa mfano, US Double ni mwigo wa Fender Twin Reverb, na Brit Plexi ni mwigo wa Marshall Super Lead. Majina hayo hueleza sauti ilikotoka, lakini hayasemi itumike wapi. Jukwaani, RITHIMU SAFI au SOLO SEBENE husaidia zaidi. Epuka MPYA, MPYA 2 na NZURI. Baada ya mwezi hutakumbuka ipi ni ipi.

Ukitumia magitaa mawili, ongeza herufi moja mwishoni: S kwa Stratocaster, L kwa Les Paul. Pikapu zake hazilingani nguvu, hivyo priseti ya gitaa moja inaweza kukwaruza kwenye jingine.

Mpangilio ufuate mguu

Benki moja ya Helix ina priseti 4, A hadi D. Kazi ileile ikae nafasi ileile katika kila benki: A rithimu, B solo la pili, C solo. Mguu utazoea. Tenga setilisti moja ya maonyesho na nyingine ya majaribio.

Kubadili priseti huacha mwanya mfupi wa ukimya. Kwa hiyo, ndani ya wimbo mmoja ni bora kutumia snapshoti, yaani mipangilio tofauti ya priseti ileile. Helix huruhusu hadi 8. Ziite UBETI, KIITIKIO na SEBENE.

Sawazisha, kisha hifadhi nakala

Linganisha ukubwa wa sauti za priseti zote mkiwa mazoezini na bendi nzima. Kwenye hedifoni pekee, tofauti nyingine hazisikiki.

Kabla ya kusasisha programu ya kifaa, hifadhi nakala kwenye kompyuta kwa kutumia HX Edit. Jina la faili lianze na mwaka, ufuate mwezi, kisha siku, ili nakala zijipange zenyewe kwa tarehe.

Mwisho, mwonyeshe mpiga gitaa mwenzako orodha yako. Akiweza kuchagua sauti ya sebene bila kukuuliza, majina yako yanafaa.