Njia za miguu kwenye bustani za kaunti: mpango ukiletwa, angalia nini?

Serikali ya kaunti inapotangaza kwamba itaboresha njia za bustani, wengi huuliza zitawekwa lami au la. Hilo ni swali dogo. Kubwa ni nani ataweza kuzitumia, na mvua ikinyesha maji yataenda wapi.

Kwanza jua mwenye mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linazikabidhi kaunti bustani za kaunti, fuo na maeneo ya burudani. Msitu wa umma kama Karura, Nairobi, uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Malalamiko yakipelekwa ofisi isiyohusika huzungushwa tu.

Karura yenyewe ina funzo. Ni msitu wa hekta zipatazo 1,000 ulionyemelewa na wanyakuzi wa ardhi miaka ya tisini. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa huko wakijaribu kupanda miti. Msitu uliokolewa, lakini kwa miaka mingi watu waliogopa kuingia kwa sababu ya wahalifu. Kilichowarudisha ni ua, malango yenye walinzi, askari wa doria kutoka jamii jirani na njia zenye alama. Leo njia hizo zinapita kilomita 50. Kwa hivyo mpango unaotaja changarawe bila kutaja ulinzi haujakamilika, hasa kwa wanawake wanaotembea peke yao.

Sasa mteremko. Kipimo kinachotumika sana kwa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12: njia isipande zaidi ya mita 1 kwa kila mita 12 za kwenda mbele. Hata hapo mkono unachoka, kwa hivyo panahitajika sehemu tambarare za kupumzikia. Marekani, miongozo ya njia za nje inaruhusu mteremko wa 1 kwa 20 kwa urefu wowote, lakini ukizidi hapo hadi 1 kwa 12, usiendelee zaidi ya mita 61 bila pa kupumzikia. Kwetu, Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Bustani imo.

Maji ndiyo huharibu kazi nyingi. Njia inayoteremka moja kwa moja kwenye udongo mwekundu hugeuka mfereji baada ya misimu michache. Watu hukwepa tope kwa kupita pembeni, njia ikapanuka, miche ikakanyagwa. Fundi mzuri hukata njia ikiambaa ubavu wa kilima na kuiinamisha kidogo upande wa bondeni ili maji yatoke mapema. Mifereji ya mawe ni ghali mwanzoni, ila ni nafuu kuliko kujaza makorongo kila mwaka.

Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Kikao kikiitishwa, omba ramani inayoonyesha umbali kutoka steji ya matatu hadi langoni, na upana wa lango lenyewe. Njia laini ya kilomita 3 haimfai kitu aliyekwama getini kwa sababu kiti chake hakipiti. Uliza pia kiingilio ni kiasi gani, na kama bajeti ina fungu la matengenezo baada ya mkandarasi kuondoka.