Walikuwa Kwao

Niliposema kijiweni kwamba naandika historia ya nguruwe, wenzangu walicheka mpaka muuza kahawa akageuka. Historia, bwana, ni ya machifu, vita na mikataba. Nguruwe ni mnyama wa kufukuzwa kwa debe, basi. Mmoja akaniuliza kama nimeritadi. La, sijaritadi. Ila mimi nimelala dunguni, wao hawajalala.

Dungu, kwa ninyi mliozaliwa Kariakoo, ni kile kichanja chenye paa la nyasi kinachojengwa shambani ili mtu alinde mazao. Bibi mzaa mama ana shamba upande wa Handeni, si mbali na njia ya kwenda Korogwe. Likizo za shule, mahindi yakianza kubeba, nililala huko na mjomba, debe bovu na marungu pembeni. Ukisinzia umekwisha. Nyani huchuma akakimbia. Nguruwe hulaza mabua, nusu wakala, nusu wakakanyaga, kisha wakahamia kwenye mihogo. Asubuhi moja tukihesabu hasara nilimuuliza bibi kama nguruwe hawa walikuwapo enzi za wazee wake. Akasema, "Walikuwapo, mjukuu wangu. Ila walikuwa kwao."

Jibu hilo lilinikaa kichwani miaka.

Kwao ni wapi? Kwanza tuelewane kwamba tunao wa aina mbili. Yuko nguruwe mwitu, mwenye manyoya, mtu wa usiku na vichaka. Na yuko ngiri, mtu wa mchana, anayekimbia mkia juu kama antena ya redio. Wote ni wenyeji wa Afrika. Si kama kule Marekani, ambako nguruwe waliletwa kwa meli (Hernando de Soto alishuka nao Florida mwaka 1539) na vizazi vya waliotoroka vinafukua mimea na kula mayai ya ndege na kasa katika nchi isiyowazoea. Wetu naye hufukua mizizi, na mayai ya ndege wanaotaga chini hayaachi. Lakini chui anamjua, na udongo wa msituni umeizoea pua yake. Huyo huwezi kumwita mvamizi. Swali langu ni nani alibomoa mpaka wake na sisi.

Mpaka wenyewe ulijengwa kwa jembe na moto. James Giblin, aliyechapisha kitabu kizima juu ya Uzigua mwaka 1992, anaeleza kwamba kabla ya Wajerumani watu wa huku walifyeka, walichoma nyasi na kuchunga mifugo kuzunguka makazi yao, na wakubwa wenye akiba ya chakula waliwashika watu wao wakati wa njaa wasitawanyike. Vichaka vikakaa mbali. Mbung'o, ambaye hana maisha bila kivuli cha kichaka na damu ya mnyama, akakaa mbali pamoja navyo. Hawakummaliza, na wala hawakuhitaji kummaliza.

Halafu ikaja miaka ya 1890, na hapa naomba tutulie kidogo. Sotoka iliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka hiyo ikafyeka ng'ombe, nyati, hata ngiri na nguruwe mwitu wenyewe. Mwaka 1894 nzige, na njaa. Mwaka 1898 ukame, na njaa tena. Katikati ya misiba hiyo wakubwa wapya, waliokwisha kumshinda Bwana Heri wa Saadani, wakaleta mambo yao: mwaka 1896 Gavana Wissmann akatoa amri ya kuufanya uwindaji kuwa jambo la leseni, mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ikafika Korogwe mwaka 1902, na mkonge, ambao Hindorf aliuanzisha nchini kwa miche 62 tu iliyosalimika safarini, ukataka mikono. Wanaume wakaenda kuitafuta fedha ya kodi.

Sasa kipige picha kijiji. Waliokufa wamekufa, waliohama wamehama, vijana wako mkonge. Nani afyeke? Nani alale dunguni? Kuwinda nguruwe ilikuwa kazi ya kundi zima, kwa nyavu, mbwa na mikuki. Si kazi ya mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Na nguruwe anazaa, tusidanganyane. Nyati jike hutoa ndama mmoja; nguruwe mwitu hutoa watatu, wanne. Baada ya maradhi kupita unadhani nani alitangulia kurudi? Kule Uzaramo, mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 jinsi nguruwe, njaa na kukosekana kwa wanaume kulivyowaelemea kinamama, akaviona vyote ni sehemu ya chimbuko la Maji Maji ya 1905. Kumbe hata vita ile tuliyoikariri darasani kwa ajili ya mtihani ina nguruwe ndani yake!

Lakini mahindi yalikuwa hasara ndogo. Miaka ya 1950 mtaalamu Bernard Weitz wa London alipima damu iliyokutwa matumboni mwa mbung'o, kujua wamemnywa nani. Ikaonekana aina kadhaa hupenda mno jamii ya nguruwe. Wapo wa savana wanaomnywa hasa ngiri. Na yule wa vichaka vya pwani, Glossina austeni, anamtegemea sana nguruwe mwitu. Nguruwe wenyewe hubeba vijidudu vile wasiugue. Basi shamba likiachwa, kichaka kinaota; nguruwe analala humo mchana; mbung'o anamnywa; ng'ombe akipita anapata nagana. Ng'ombe wakiisha hakuna wa kula nyasi wala wa kukanyaga miche, na kichaka kinasogea hatua nyingine. Waingereza walipoziteka Korogwe na Handeni mwezi Juni 1916 walikuja na farasi na nyumbu wa mizigo, na katika kampeni ile wanyama wao walikufa kwa maelfu. Pori walilolilaani, sehemu yake miaka ishirini nyuma lilikuwa shamba la mtu.

Uhuru nao haukumrudisha nguruwe kwao. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu pamoja, mashamba ya zamani yakabaki mbali, na Helge Kjekshus alionya mwaka 1977 juu ya athari zake kwa mazingira. Mimi siwezi kuilaani, maana shule niliyosoma ilijengwa kwa sababu hiyo. Ila shamba la mbali ni la nguruwe, hilo kila mtu Handeni anakwambia. Ukienda pwani, kusini ya Pangani, ilikuwapo Ranchi ya Mkwaja, iliyofuga ng'ombe tangu miaka ya 1950 kwa kuwachoma sindano za dawa, ikafungwa mwaka 2000. Migunga ilikwisha kuteka sehemu kubwa ya malisho. Watafiti waliofika baadaye waliwakuta ngiri wakila majani mazuri palipokuwa mazizi, yaliyonawiri kwa samadi ya ng'ombe wasiokuwapo tena. Leo ni sehemu ya Hifadhi ya Saadani. Mtalii anapiga picha akidhani ameona Afrika ya siku ya kwanza.

Mwaka juzi bibi alinipeleka ng'ambo ya korongo, porini kabisa kwa macho yangu. Akaonyesha miembe mitatu mikongwe katikati ya vichaka na jiwe la kusagia lililolala upande. "Hapa palikuwa kwa shangazi yangu," akasema. Mahame. Chini ya mwembe nguruwe walikuwa wamefukua usiku uleule, udongo bado mbichi, na juu ya udongo vigae vya vyungu, vingine vyenye nakshi. Niliokota kimoja. Mjomba akaniambia nifanye haraka, jua linazama na dunguni hakuna mtu.